Sauti Isiyoitikia Salamu

Soko la Kitui likichangamka, hata kiziwi hulisikia. Mwaka ule wa themanini na nane, kati ya mbuzi, magunia na mhubiri mwenye kipaza sauti kibovu, haikuwa rahisi mtu kumtambua mwenzake kwa sauti peke yake. Lakini ndivyo ilivyotokea.

Kalunde alikuwa ameinama juu ya gunia la ndengu, amevaa rinda la manjano lenye mkanda mpana na viatu ambavyo vumbi lilikuwa limeshavila rangi. Alikuwa anamwambia mama mwenye kuuza kwamba ile gorogoro yake imebonyezwa kitako, na kwamba kwa kipimo kama hicho hata shetani angeenda kununua kwingine. Watu walicheka. Mtu mmoja nyuma yake hakucheka. Alisimama kama aliyekanyaga mwiba, halafu akasema polepole:

"Kitui, niunganishie Mutomo mbili."

Kalunde akanyooka, ndengu zikimwagika mkononi. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeomba Mutomo mbili kwa namna hiyo, akivuta ile mbili kama anaiburuta kwa kamba, na mtu huyo hakuwa na uso. Kwa miezi kumi na moja alikuwa sauti tu ndani ya waya. Sasa alikuwa na uso, tena na masikio makubwa.

"Nairobi?" akauliza.

"Ndiyo mimi."

"Mbona wewe ni mfupi hivyo?"

"Kwa waya sina miguu," yule mtu akasema. "Nilidhani utanisamehe."

Jina lake lilikuwa Mulei, mzaliwa wa milima ya Makueni. Kalunde alikuwa opareta pale Kitui, mmoja wa wanawake sita waliokaa mbele ya ubao wa simu wakichomeka na kuchomoa nyaya, kuunganisha mtu na mtu. Mulei alifanya kazi kwenye ile kampuni kubwa ya wazungu iliyotengeneza mitambo ya simu, yenye ghorofa kumi na nne Nairobi. Ilikuwa na jina refu, lakini watu waliiita Kampuni tu, kama vile hakuna nyingine. Kila asubuhi saa mbili alijaribu njia za simu. Husema, "Kitui, nakusikia," naye Kalunde huhesabu moja mpaka kumi, Mulei akiandika kama sauti iko safi. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Ikawa ya tano. Mwisho opareta wenzake wakawa wanamuuliza kama siku hizi namba kumi iko mbali sana.

Siku ile ya soko walikunywa chai hotelini. Mulei alivaa shati jeupe la mikono mifupi, kalamu nne mfukoni, na kifuani alisahau kuvua kitambulisho cha plastiki chenye picha na namba 2206. Kalunde akataka kujua namba ni ya nini. Mulei akamweleza kwamba kule Kampuni watu ni wengi mno, hawaitani majina, wanasomana kifua.

"Basi nyinyi ni ng'ombe wa mnada," Kalunde akasema.

"Ng'ombe wa mnada hapewi chai na keki saa nne."

"Hupewa maji, mpenzi. Siku ya kuuzwa."

Neno mpenzi lilimtoka kwa utani, likakaa pale mezani kati ya vikombe, na hakuna aliyeliondoa.

Mwaka haukuisha kabla Mulei hajamuuliza. Alikuwa ameletwa Kitui kuweka mtambo mpya, ule wa kujipigia mwenyewe bila opareta, na siku ya Jumapili baada ya kanisa akamwambia anataka kutuma wazee kwao Kalunde, Mutomo, kwa mama yake, wapeleke mbuzi wa ntheo, wa kuposa, kama desturi. Kalunde alitembea mpaka wakapita nyumba za mwisho za mji.

"Wewe ndiye unaleta mashine inayonitoa kwa kiti," akasema. "Ngoja kwanza nijue nitakuwa nani. Halafu nikuambie nitakuwa wa nani."

"Hata ndiyo ndogo, nishikilie?"

"Ndiyo haina ndogo, Nairobi. Nipe muda."

Mulei akasema sawa. Lakini kuna watu ambao kungoja huwaingia kama maji kwenye kiatu.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka Kampuni. Mtambo mpya ungehitaji sauti ya kuwaambia watu pale simu inapokosa kwenda, na Mulei alikuwa amewaambia wakubwa wake kwamba sauti bora katika waya wote wa nchi hii iko Kitui. Kalunde alifurahi. Akaona amepata kiti kingine.

Kule Nairobi alipewa kitambulisho cha mgeni, akapandishwa ghorofa ya tisa. Zulia lilikuwa nene hadi hakusikia nyayo zake mwenyewe. Baridi ilitoka kwenye dari. Watu walipita na makaratasi, wakamwangalia kifuani, wakaenda zao. Kulikuwa na saa sita ukutani, kila moja na wakati wake, na hakuna hata moja iliyosema ni saa ngapi Mutomo. Mtu anaweza kufanya kazi pale miaka kumi, akapata nyumba na gari, na siku akikosa kuja wakauliza tu 1140 yuko wapi.

Aliyempokea ni Abdiya, mwanamke wa Garissa mwenye shungi la kijani na wembe mkononi. Kazi yake ilikuwa kukata kanda. Walimfungia Kalunde kwenye chumba chenye kuta za sponji, mahali ambapo ukisema neno linakufa mbele ya midomo, na kwa siku tatu akasoma maneno kutoka kwenye karatasi. Nambari. Majina ya miji. Samahani. Subiri. Hayupo. Amehama. Haipatikani. Karibu. Nimekubali. Ndiyo. Kesho. Mengine hayakuwa na kazi bado. Kampuni iliyataka yawe ghalani, labda siku moja yahitajike. Kila neno peke yake, bila la mbele wala la nyuma. Abdiya aliyakata, akayaning'iniza kwenye misumari ukutani kama nyama ya kukausha.

Siku ya tatu, Kalunde akinywa chai nje ya chumba, alijisikia akiongea ndani. Sauti yake, safi, ikisema: "Samahani. Makueni haipatikani. Subiri." Alikuwa hajawahi kusema hivyo maishani.

Akamuuliza Abdiya mbona ile sauti ni yake lakini haifanani na mtu. Abdiya akamwonyesha debe chini ya meza, limejaa vipande vidogo vya kanda.

"Pumzi zako," akasema. "Kila ukivuta hewa kabla ya neno, tunakata. Mashine haihitaji kupumua." Kisha akashusha sauti. "Dada yangu, kwetu hata kucha hatutupi ovyo, tunazika. Lakini hapa hata takataka ni mali ya Kampuni. Nisingekuwa na watoto, singefanya kazi hii."

Kalunde akatia sahihi karatasi aliyopewa, akarudi Kitui.

Mtambo ukawashwa. Ubao wa zamani ukang'olewa, wale wanawake sita wakapelekwa kuuza stempu. Na mji ukaanza kumwangalia Kalunde vibaya. Mtu alitoka kwenye kibanda cha simu, akamkuta amesimama foleni ya mkate, akarudi nyuma hatua mbili. Mama wa ndengu akamwambia ati amemsikia asubuhi, na amempigia kelele, na yeye Kalunde akamjibu vilevile mara nne bila kukasirika. Mtu wa kawaida hukasirika, yule mama akasema. Akampimia gorogoro iliyojaa, akaisukuma kwa fimbo, mkono wake usigusane na wa Kalunde.

Lakini lililouma lilitoka Mutomo. Mama yake, Kaluki, alikuwa na desturi ya kwenda dukani kwa Hirsi kila Jumatano kumpigia. Jumatano ya kwanza ya mtambo mpya Hirsi akazungusha namba, akampa mkono wa simu, na mama akasikia mtoto wake akisema samahani.

"Wakya," mama akasema.

Hiyo ni salamu ya mkubwa kwa mdogo, na mtoto wa Mkamba huitikia "Aa" hata kama ana chakula mdomoni, hata kama anachapwa. Sauti ikasema nambari haipatikani. Mama akasalimu tena. Sauti ikasema subiri. Mama akasalimu mara ya tatu, halafu akaulaza ule mkono wa simu juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyekata roho.

Hirsi alijaribu kumweleza kwamba ni kanda tu, kama kaseti za redio. Mama akamwambia kaseti anazijua. Kaseti haikuambii usubiri.

"Huyo ni mtoto wangu," akasema, "lakini kinachosema na hakiitikii salamu si mtu. Ni iimu, mzimu. Mtu wangu wamemweka wapi?"

Kalunde alipoenda kumwona Jumamosi, mama alimsimamisha pale mlangoni pa boma na kumsalimu mara saba. Mara zote saba Kalunde aliitikia. Ndipo akafunguliwa.

Aliporudi Kitui alitaka kumweleza Mulei, kwa maana nani mwingine angeelewa? Alipika muthokoi, mahindi ya kukobolewa, akaifunga kwenye kitambaa, na saa saba mchana akaenda kwenye jengo la mtambo. Ni chumba kisicho na dirisha, chenye makabati ya chuma yanayogongagonga ndani kama wadudu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akamsikia Mulei akiongea na mwanamke.

"Umekula?" Mulei aliuliza.

"Ndiyo," mwanamke akajibu.

"Na wazee niwatume?"

"Ndiyo. Nimekubali."

"Lini, Kitui wangu?"

"Kesho. Karibu. Kesho."

Sauti ilikuwa yake. Kalunde alijishika mdomo kuhakikisha haukuwa unasonga.

Aliusukuma mlango. Mulei alikuwa amekaa mbele ya kipaza sauti, kidole juu ya kitufe, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyelewa. Akaruka. Akaanza kueleza: alikuwa anajaribu mtambo, maneno ya ghalani yalikuwa yamelala bure, aliyaunga siku moja kwa mchezo tu, halafu akazoea. Ilikuwa rahisi kuliko kungoja.

"Uliponiuliza, nilisema nini?" Kalunde akauliza.

"Ulisema nikupe muda."

"Na huyu alisema nini?"

Mulei aliondoa kidole kwenye kitufe. Makabati yaligonga.

"Basi mwoe huyu," Kalunde akasema. Akaweka chakula sakafuni, kwa vile kukitupa ni laana, akaondoka.

Wiki hiyo kanisani, katikati ya wimbo, sauti ilimkatika. Haikuuma. Iliisha tu, kama maji ya bomba yanavyoisha, hewa kidogo halafu hakuna. Akakohoa, akanywa asali na ndimu, siku zikapita. Hospitali ya misheni kule Mutomo wakamtazama koo kwa tochi, wakasema ni zima kabisa, hawaoni kitu. Akapewa ruhusa kazini, akaenda kwao.

Mama alisimama pale pale mlangoni pa boma.

"Wakya."

Kalunde alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka.

Mama akasalimu tena, na tena, mpaka sauti yake yeye mwenyewe ikaanza kutetemeka. Mwisho alimfungulia, maana macho yalikuwa ya mtoto wake. Lakini hakumlaza kwenye nyumba, alimtandikia jikoni. Alimpa chakula, na alipokuwa akila mama alikaa amegeukia mlango. Majirani waliokuja kusali walisalia nje. Wiki sita Kalunde aliishi hivyo, mtu mzima mwenye kuchota maji na kuchunga mbuzi, akingoja mama yake aamue kama yuko hai. Na kila Jumatano, dukani kwa Hirsi, yule mwingine aliongea wazi kabisa na kila aliyenyanyua simu.

Mulei alikuwa amehamishwa Malili, kwenye barabara ya Mombasa, kulinda kile kibanda ambamo sauti za simu huongezwa nguvu njiani zisife. Alimpigia Kitui mara nyingi, akaambiwa hayuko kazini. Siku moja adhuhuri akampigia Hirsi na kumwomba amwite. Hirsi alimwita. Kalunde alisimama kwenye kaunta kati ya magunia ya sukari, mama yake nyuma yake, akaweka simu sikioni.

Mulei akamwita kwa jina. Kalunde akajaribu. Kimya.

"Una haki," Mulei akasema. "Usiseme. Nisikilize tu. Hapa Malili nakaa peke yangu na nyaya. Mchana kutwa unapita humu ukielekea kila mahali, unawaambia watu hayupo, amehama. Juzi nilisikia ukisema Mulei. Kalunde, jina langu hatukulirekodi. Nimefungua kanda zote, halimo." Kwa mbali lori lilipita. "Nimeogopa. Sijui kama hata sasa naongea na wewe ama na yule."

Kalunde alishika kaunta. Kifua kilipanda, kikashuka. Alitaka kusema mimi ni mimi, na hakuwa na cha kusemea. Kwa miezi alikuwa na sauti bila pumzi. Sasa alikuwa na pumzi bila sauti.

Upande wa pili Mulei alikuwa akisikiliza.

"Unapumua," akasema mwishowe. "Nasikia unapumua. Usiondoke hapo. Nakuja."

Alifika siku ya tatu, jua likiwa kali, viatu vimekuwa vyekundu kwa vumbi, kifuani hakuna plastiki. Mama alimpa kigoda nje ya jikoni, mbali kidogo, na kumuuliza kama amekuja na wazee. Mulei akasema wazee huja kwa jambo, na yeye hana jambo. Amekuja kukiri kosa.

Alieleza yote mbele ya mama, bila kujificha. Kanda aliyoiunga ameichoma. Alikwenda Nairobi, akapanda ghorofa ya tisa, akawaomba waondoe sauti ya Kalunde kwenye mitambo. Wakamwonyesha karatasi yenye sahihi. Wakamwambia sauti ni mali ya Kampuni, itatumika Kitui, Makueni na kwingine kote mpaka mitambo ichakae, na aliyeisema akizeeka au akifa hakuna kitakachobadilika. Mulei akaacha kitambulisho chake juu ya meza ya yule mkubwa. Hakuna aliyemuuliza jina.

"Kwa hivyo sina dawa," akamwambia Kalunde. "Yule ataendelea kuongea. Mimi ndiye niliyemleta kwako, halafu nikamfanya aseme ulichokataa kusema. Sitakuuliza lile swali tena. Nimekuja tu nikuone kwa macho, na nimekuona. Niende."

Alisimama, akapangusa suruali. Mama hakumzuia. Mbuzi walikuwa wanalia kule bondeni. Mulei akamwinamia mama kwa heshima, akageuka, akafika mlangoni pa boma.

"Hapana."

Ilitoka kama jiwe linalokwaruzwa kwenye jiwe, lakini ilitoka. Mama alimwaga maji aliyoshika. Mulei akasimama pale pale, mkono juu ya mti wa mlango, akiogopa kugeuka.

"Sema tena," akasema.

"Hapana," Kalunde akasema. "Usiende."

Mulei alikuwa analia na kucheka. Alimgeukia mama, siyo Kalunde.

"Mama, nimekaa na ile mashine miezi minne, nalijua kila neno lake. Hilo haina. Kampuni walilikataa, walisema wateja hawapendi kulisikia. Huyu ni mtoto wako."

Mama alimwangalia binti yake muda mrefu. Halafu akaingia jikoni, akakunja lile tandiko, akalibeba na kulipeleka kwenye nyumba.

Alasiri yote Kalunde alikataa mambo. Mulei alipendekeza wakakae kwao Makueni, akasema hapana. Akataka kumletea dawa ya koo kutoka mjini, hapana. Akauliza kama anaweza kushika mkono wake, na hapo Kalunde akafikiri kidogo, kisha akasema hapana, mama anaangalia. Kila hapana ilitoka safi kuliko ile ya kwanza, naye Mulei alizipokea moja moja kama mtu anayepokea wageni. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya vilima, Kalunde alikuwa amechoka kukataa.

"Nairobi," akasema, "wewe hujaniuliza kitu."

"Niliapa sitauliza."

"Basi nakaa hapa," Kalunde akasema. "Mpaka uulize."